Mizigo ya Ngazini na Haki ya Mwili



Tulikuwa katika mlango wa malezi, na tungali na mengi ya kusema humo. Leo tunaomba ruhusa ya kuuacha mlango huo kidogo ili tuzungumze jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo, lisilostahili kalamu ya mtu wa madrasa: namna ya kupandisha mizigo mizito ngazini bila ya kuudhuru mwili. Tunayo sababu ya kulizungumza, na sababu yenyewe inatutia haya. Lakini aliyejifunza kwa kosa lake akanyamaza, huwaacha wenzake waanguke katika shimo lile lile. Basi tutaieleza kama ilivyokuwa.

Safari ya Kesses

Mwezi wa Septemba mwaka jana tulimpeleka binti yetu Chuo Kikuu cha Moi, ambacho makao yake makuu yako Kesses, katika kaunti ya Uasin Gishu, nje ya mji wa Eldoret. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1984, na watoto wengi wa pwani wamepitia huko kutafuta elimu. Safari ya kutoka Mombasa ni ya takriban kilomita 800. Tulikesha ndani ya basi, tukashuka Cheptiret, pale inapochepuka njia ya kwenda chuoni, tukatafuta gari dogo la kutumalizia njia. Baridi ilikuwa kali hata pumzi zetu zikionekana kama moshi.

Ni nani asiyejua jinsi mama wa Kipwani anavyomfungashia mwanawe safari? Sanduku la bati lilijazwa nguo, mablanketi mawili, vitabu, mchele, unga, nazi, chupa za achari na sufuria tatu. Kando ya sanduku palikuwa na godoro, mtungi mdogo wa gesi na ndoo iliyojaa vikorokoro. Chumba tulichompangishia kilikuwa ghorofa ya tatu katika nyumba ya mtu binafsi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na ngazi za saruji zilikuwa zimekanyagwa matope.

Pale chini walikuwapo vijana wawili wa mkokoteni. Walitutaka shilingi 300 wapandishe kila kitu. Tukaona ni nyingi. Tukawaambia, ahsanteni wanangu, tutapandisha wenyewe. Sisi tukashika upande wa juu wa sanduku, tukatangulia kwa kurudi nyuma huku tukitoa amri, na mama watoto wetu akashika upande wa chini. Binti yetu akatufuata na ndoo.

Hatukujua wakati ule jambo ambalo kila mchukuzi analijua: mzigo ukiinama ngazini, sehemu kubwa ya uzito humwendea aliye chini. Tulidhani tunagawana nusu kwa nusu. Kumbe sisi tulikuwa tukiuongoza mzigo, na yeye ndiye aliyekuwa akiubeba.

Baina ya ghorofa ya pili na ya tatu, pale ngazi zinapokata kona, alikanyaga pindo la buibui lake. Sanduku likalala upande. Angeliachia lingemwangukia mwanawe aliyekuwa nyuma yake, kwa hivyo hakuliachia. Alijipinda nalo, akalizuia kwa paja na ukuta, na tukamsikia akitoa sauti ambayo hatukupata kuisikia tangu siku ya kuzaliwa kitinda mimba wetu. Kisha akaketi juu ya kidato.

"Mwalimu, ngoja kidogo," alisema. Baada ya dakika mbili akainuka, akataka tuendelee. Uso ulikuwa umemparama.

Mama mmoja wa Kikalenjin anayeuza maziwa katika nyumba ile alisikia kishindo, akapanda. Alituamkia "chamgei", akatutazama, akalitazama sanduku. "Mzee," akasema kwa upole, "mnabeba hiyo sanduku na vitu zote ndani? Fungueni. Toeni vitu, huyu mtoto apeleke kidogo kidogo. Sanduku ikiwa tupu hata mimi nitabeba."

Tukalifungua pale pale ngazini. Binti yetu na wenzake wawili wa jirani walipanda na kushuka, huyu na mablanketi, yule na mchele, na kwa muda usiozidi nusu saa kila kitu kilikuwa chumbani. Lile sanduku tupu, mama yule aliliweka begani akapanda nalo huku akituuliza habari za Mombasa.

Tulirudi pwani na mgonjwa. Kwa muda wa miezi miwili mama watoto hakuweza kurukuu wala kusujudu. Alisali juu ya kiti. Usiku mmoja tulimwuliza kama mgongo ulikuwa umewahi kumsumbua kabla ya safari ile. Akanyamaza kitambo, kisha akasema kwamba unamwuma kwa mwaka wa sita sasa, tangu tulipohamia ghorofa ya pili na maji yakawa ya kununua kwa madumu. Tulimwuliza kwa nini hakusema. Akajibu: "Nilidhani ndiyo subira, Mwalimu."

Neno hilo ndilo lililotufanya tuandike.

Subira si kunyamazia madhara

Tumesomesha mlango wa subira kwa zaidi ya miaka 25, na hatukuwahi kufikiri kwamba nyumbani mwetu wenyewe umefahamika hivyo. Subira ni kuthibiti mtu anapofikwa na lisilo na budi: msiba, maradhi, ufukara. Maumivu yanayotokana na dumu ambalo mwana wa kiume wa miaka 17 anaweza kulipandisha, au ambalo lingeweza kugawanywa mara nne, si jambo lisilo na budi. Hilo ni madhara, na dini yetu imetufundisha kuyaondoa madhara.

Mtume (S.A.W.) alipomzuia Abdullah bin Amr asijichoshe kwa kufunga kila siku na kusimama kila usiku kucha, alimfahamisha kwamba mwili wake una haki juu yake. Tuzingatie: lililomchosha sahaba yule lilikuwa ni ibada, na bado akaambiwa apunguze. Itakuwaje basi kwa sanduku la bati?

Tena tumkumbuke Bibi Fatima, Mwenyezi Mungu amridhie. Mawe ya kusagia yalimtia sugu mikononi, akaenda kwa baba yake kueleza taabu yake na kuomba mtumishi. Hakupewa mtumishi, alifundishwa tasbihi za kusoma anapokwenda kulala. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba amekosa subira kwa kusema kuwa mikono inamwuma. Bibi wa wanawake wa peponi alisema. Basi nanyi, dada zetu na mabinti zetu, semeni.

Na katika Sura ya An-Nahl, aya ya 7, Mola wetu anatukumbusha neema ya wanyama wanaotuchukulia mizigo mpaka miji ambayo tusingeifikia ila kwa mashaka makubwa. Ikiwa kuondolewa mashaka ya mzigo kumehesabiwa miongoni mwa neema, basi kutafuta njia ya kuyapunguza ni katika kuishukuru neema hiyo. Mtu asione haya kutumia mkokoteni, kamba, au msaada wa jirani.

Uzito na umbali wake

Baada ya tukio lile tuliuliza na kusoma. Tuliyoyapata tunayaleta kwa ufupi, maana yana faida.

Jambo la kwanza ni kwamba mgongo hauhesabu kilo peke yake. Huhesabu pia umbali wa mzigo kutoka mwilini. Chukua kitabu kizito ukikumbatie kifuani, kisha ukinyooshe mbele kwa mikono miwili. Kitabu ni kile kile, lakini mikono itatetemeka. Kiuno nacho hupata hali hiyo hiyo, wala hakina ulimi wa kulalamika mara moja.

Idara ya serikali ya Uingereza inayosimamia afya na usalama kazini imetoa viwango vya kuongozea watu wanaoinua vitu kwa mikono. Mzigo ulio karibu na mwili, kwa kimo cha kiuno, wameuweka kilo 25 kwa mwanamume na kilo 16 kwa mwanamke. Mzigo huo huo ukiokotwa chini, karibu na miguu, kiwango hushuka hadi kilo 10 kwa mwanamume na kilo 7 kwa mwanamke. Na ukiokotwa chini kwa mikono iliyonyooka mbali na mwili, huwa kilo 5 na kilo 3. Viwango hivi ni vya kuinua mara chache, mtu akiwa amesimama mahali pakavu na tambarare. Ngazi hazimo kabisa.

Sasa tupige hesabu za nyumbani kwetu. Dumu la lita 20 likijaa lina kilo 20 za maji, bila ya kuhesabu plastiki yake. Mtungi wa gesi ya kilo 13 una chuma chenye uzito unaokaribia huo huo. Ukijaa hupita kilo 25. Mama anayepandisha madumu manne kwa siku mpaka ghorofa ya pili, kila moja kwa mkono mmoja huku kiuno kimelala upande, amepita kiwango hicho mara nne kabla ya adhuhuri. Wala hakuna aliyemhesabia.

Huenda msomaji akasema, mbona bibi zetu walibeba zaidi ya hayo? Ni kweli, na ustadi wao umewashangaza wataalamu. Mwaka 1986 watafiti, miongoni mwao Profesa Maloiy wa Kenya, waliandika katika jarida la Nature habari za akina mama wa Kikikuyu wanaobeba kwa kamba ya kipajini na wa Kijaluo wanaobeba kichwani. Waliwapima wakitembea, wakaona kwamba wanaweza kubeba mzigo wa hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa miili yao bila ya kutumia nguvu zaidi ya anayetembea mikono mitupu. Mzigo ulipozidi hapo, ndipo nguvu zilipoanza kuongezeka.

Tuufahamu uzuri utafiti huo. Mwanamke mwenye kilo 60, sehemu yake moja ya tano ni kilo 12. Kipimo kilikuwa cha kutembea mahali tambarare, na kwa watu waliozoea tangu utotoni. Ngazini kila kidato ni kuuinua mwili wote pamoja na mzigo wake. Tena kutochoka si sawa na kutoumia. Shingo na uti wa mgongo vina hesabu yao nyingine.

Huko Kesses palikuwa na jambo la ziada. Nyanda zile ziko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na mtu wa pwani aliyefika siku hiyo hiyo huhema mapema kuliko alivyozoea. Mzazi atakayempeleka mwanawe huko apumzike kwanza, anywe chai, ndipo aanze kugusa mizigo.

Namna ya kupandisha

Kwanza gawanya. Mama muuza maziwa alitufundisha somo hili bila ya ubao wala chaki. Sanduku, kabati au friji, vyote vitolewe vilivyomo kabla ya kuinuliwa. Mchele wa kilo 20 utiwe katika mifuko minne ya kilo 5. Safari kumi nyepesi ni bora kuliko safari moja inayokulaza kitandani miezi miwili.

Pili, itazame njia kabla ya kubeba. Panda kwanza mikono mitupu. Angalia pana maji wapi, kidato gani kimevunjika, viatu vya watoto vimeachwa wapi, mlango umefunguliwa au la. Kama kuna matope, yafagiliwe. Taa iwashwe.

Tatu, mavazi na viatu. Hapa tunasema na akina mama hasa. Pindo la buibui linaloburura ni hatari ngazini. Sitara ni wajibu, na wala haipingani na usalama: lipandishe buibui kidogo, ulifunge kiunoni kwa leso, na ndani uvae suruali pana au gauni la kukutosheleza. Kandambili ziache chini. Vaa kiatu kinachoshika mguu na chenye soli isiyoteleza.

Nne, mkono mmoja uwe huru. Ngazi nyingi zina chuma cha kushikia pembeni. Nacho hakikuwekwa kwa pambo. Ukibeba kwa mikono miwili huwezi kukishika, na tena huoni unapokanyaga. Mkoba wa mgongoni wenye mikanda miwili ndio rafiki wa ngazi, kwa kuwa mzigo hukaa karibu na uti wa mgongo na mikono hubaki huru. Vitabu, mchele na nguo vyote hupanda kwa mkoba. Kanyaga kidato kwa wayo mzima, wala si kwa vidole tu.

Tano, unapoinua, kunja magoti na usogee karibu kabisa na mzigo, uukumbatie, kisha uinuke kwa nguvu ya mapaja. Ukitaka kugeuka, geuza miguu; usipinde kiuno mzigo ukiwa mkononi. Mama watoto wetu aliumia katika kupinda, kuliko katika uzito wenyewe.

Sita, pumzika kwenye kona za ngazi, wala usiuweke mzigo chini ukaanza kuuokota upya kutoka miguuni. Weka kigoda au meza ndogo kwenye kona ili mzigo utue kwa kimo cha kiuno. Ni jambo dogo, na lina faida kubwa.

Saba, mkibeba wawili, mwenye nguvu zaidi awe chini. Mtu mmoja tu atoe amri, kwa sauti: simama, panda, pumzika. Asiwepo mtu wa tatu nyuma ya mzigo, hata akiwa mtoto aliyebeba ndoo. Na mapema kabisa mkubaliane kwamba mzigo ukiteleza, utaachiwa. Sanduku hununuliwa jingine. Mama watoto asingeweza kuliachia lile sanduku kwa sababu sisi tuliruhusu mtoto awe chini yake. Kosa hilo ni letu.

Nane, vitu vipana kama godoro visibebwe vikiwa wazi. Lizongwe, lifungwe kwa kamba mahali pawili, kisha liburutwe kidato kwa kidato juu ya blanketi kuukuu.

Wazee wetu walikuwa na hekima zao. Mabaharia wa majahazi hawakuinua foromali kwa mabega. Walitumia kamba na kapi. Kapi moja lililofungwa juu humwezesha mtu kuvuta kwenda chini badala ya kupanda, na kapi la pili linalokwenda pamoja na mzigo hupunguza nguvu inayohitajika kwa karibu nusu. Katika Mji wa Kale wa Mombasa, ambako ngazi ni nyembamba na wima, tuliwaona mabibi zetu wakiteremsha kikapu kwa kamba dirishani, na muuza mboga akatia vitu ndani. Nyumba yenye roshani imara bado inaweza kufanya hivyo kwa mboga, nguo na vitu vidogo, kwa sharti kwamba asiwepo mtu chini. Mtungi wa gesi usipandishwe kwa kamba abadani, wala usiviringishwe ngazini.

Ama maji, tunawasihi wenye nyumba na wapangaji wakae pamoja. Pampu ndogo na tangi la juu, ambalo gharama yake wapangaji wamechangiana, huondoa madumu mengi. Ambako hilo halijawezekana, dumu la lita 20 liachwe chini, na maji yapandishwe kwa vidumu vya lita 5 vyenye vifuniko, na kila mwenye afya katika nyumba apandishe fungu lake. Kifuniko ni muhimu, maana maji yanayochezacheza humvuta mtu huku na huku na kulowesha ngazi.

Wenye udhuru na wenye ujira

Wapo ambao haifai kabisa kuachiwa mizigo ya ngazini. Mja mzito ni mmoja wao, kwani kimo cha tumbo humweka mzigo mbali na mwili, na viungo vya nyonga vimelegea. Mzazi aliye katika arobaini yake ni wa pili. Wakunga wetu walimkataza mzazi kubeba vitu vizito, na walikuwa na haki: misuli inayoshikilia kizazi bado haijarudi, na kubeba uzito kunaweza kuchangia kizazi kushuka. Wengi wanaofikwa na jambo hilo hulificha kwa haya. Yupo pia mzee, na mtoto ambaye mifupa yake ingali inakua.

Aliyekwisha kuumia kiuno asilale kitandani wiki nzima. Apumzike siku moja au mbili, kisha atembee polepole. Lakini akihisi ganzi baina ya mapaja, au miguu ikilegea, au akashindwa kuizuia haja, basi huo si wakati wa kuchuliwa kwa mafuta ya nazi. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Wapo pia watu tunaowalipa. Mtume (S.A.W.) aliwakataza watu wasiwakalifishe walio chini ya mikono yao kwa kazi wasiyoiweza, na wakiwakalifisha, basi wawasaidie. Dada wa kazi anayelala nyumbani kwako naye ana mgongo. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 nayo inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumdhuru. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu mwaka 1967 kwamba mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja usizidi kilo 55; na bado katika masoko yetu hamali hubebeshwa gunia la mahindi la kilo 90. Ukimwita hamali akupandishie, mgawie mzigo, mpe maji, na umlipe haki yake kabla jasho halijakauka.

Tunasema haya tukizikumbuka zile shilingi 300. Tuliziokoa Kesses, tukazilipa mara nyingi zaidi kwa daktari na dawa. Na ingawa fedha hizo zilituuma, hazikutuuma kama kumwona mtu wa ibada akitazama mahali pa sijda yake, naye hawezi kupafikia.

Kwenu akina baba

Tumalizie kwa wenzetu wanaume. Mtume (S.A.W.) amehesabu kumsaidia mtu kupakia mzigo wake juu ya mnyama wake kuwa ni sadaka. Bibi Aisha alipoulizwa alifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake mpaka wakati wa sala. Na habari za Sayyidna Umar, kiongozi wa waumini, aliyeubeba unga kwa mgongo wake mwenyewe usiku kumpelekea mama mwenye watoto wenye njaa, sote tumezisimulia mimbarini. Tumezisimulia, kisha tukarudi nyumbani tukayakuta madumu yamekwisha kupandishwa, wala hatukuuliza ni nani aliyeyapandisha.

Tunapendekeza kwa kila nyumba jambo moja jepesi. Wiki hii, kabla ya kulala, kaeni mhesabu: ni mizigo gani inapanda ngazi zenu kwa siku, ina uzito gani, na ni nani anayeibeba. Kisha igawanyeni upya kwa uwezo wa kila mtu, kuanzia kwa wenye nguvu. Na mwulizeni mama wa nyumba, kwa utulivu, kama kuna mahali panapomwuma. Msikilizeni mpaka amalize.

Mama watoto wetu anaendelea vyema, alhamdulillahi. Mwezi uliopita alishuka katika sijda yake ya kwanza, akakaa humo muda mrefu kuliko kawaida. Kuinuka kulimpa taabu, na daktari amesema huenda mgongo usirudi kama ulivyokuwa. Maji sasa tunayapandisha sisi na wanetu, kwa vidumu vya lita 5, kabla ya alfajiri na baada ya alasiri. Binti yetu yuko Kesses na masomo yake. Alipotupigia simu majuzi alituambia kwamba kumekuja mwanafunzi mpya kutoka Lamu, na kwamba yeye na wenzake walimsimamisha chini ya ngazi na sanduku lake, wakamwambia: kwanza lifungue.

Ewe Mola wetu, usitutwike tusiyoyaweza, tusamehe tuliyowatwika wengine kwa kutojua, na uwape afya mama zetu, wake zetu na mabinti zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.